Mkono mwepesi kichwani: maswali ya mabiharusi kuhusu tiba ya kraniosakrali



Sisi kazi yetu ni kuwasinga mabiharusi. Mikono yetu inanuka liwa na karafuu mwaka mzima, na kama kuna kitu tunakijua ni hiki: siku chache kabla ya akdi, biharusi hukosa usingizi, shingo humkaza na kichwa humgonga. Zamani jawabu lilikuwa moja tu. Somo wake akimlaza mkekani, akipasha mafuta ya nazi, akimkanda mpaka alale. Miaka hii limeingia neno jipya kupitia wageni wa yoga, wanawake wanaorudi safari, na simu za mkononi: tiba ya kraniosakrali. Mabiharusi wanatuuliza kama wafanye. Wazazi walio ndani ya arobaini wanatuuliza pia, kwa ajili yao na kwa ajili ya watoto wao wachanga.

Tumeisoma, tumewauliza wakunga na madaktari tunaowaamini, na baadhi yetu tumelala kitandani tukafanyiwa. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi, na majibu yetu kama tunavyoyatoa tukiwa tumekaa na mwali chumbani.

Hii ni tiba gani hasa?

Jina lina sehemu mbili. Kranio ni fuvu la kichwa. Sakrali ni habari ya ule mfupa mpana ulio mwisho wa mgongo, juu kidogo ya kitokono. Kati ya ncha hizo mbili kuna ubongo na uti wa mgongo, na vyote vimezungukwa na maji masafi ambayo Mola ameyaweka kuwa mto wa kuvilinda. Wenye tiba hii wanasema maji hayo yana mwendo wake wa kupanda na kushuka, kwamba mkono uliofundishwa unaweza kuuhisi, na kwamba mwendo ukizuiwa mtu huumwa.

Asili yake ni Marekani. William Garner Sutherland alikuwa mtabibu wa osteopathia, yaani kutibu kwa kushika mifupa na misuli. Yeye ndiye aliyeleta wazo kwamba mifupa ya fuvu huchezacheza kidogo, na mwaka 1939 akachapisha kitabu kuhusu jambo hilo. Baadaye, miaka ya 1970 na 1980, John Upledger akaifanya kuwa tiba ya kufundishwa hata kwa wasio madaktari, na mwaka 1985 akaanzisha taasisi yake Florida.

Nitafanyiwa nini?

Unalala chali na nguo zako. Hakuna mafuta, hakuna kuvutwa viungo, hakuna kukandwa. Anayekushika huweka viganja chini ya kisogo, kisha kwenye paji la uso, pengine chini ya kiuno au miguuni, akatulia hapo kwa dakika kadhaa. Uzito wa mkono unaofundishwa ni kama gramu 5, karibu sawa na kijiko cha chai cha sukari. Kikao huchukua dakika 45 mpaka saa nzima.

Aliyezoea mkono wa mkandaji wa kwetu hushangaa. Anangoja aanze kukandwa, kumbe ndiyo imeshaanza! Wengine huona ni kazi bure. Wengine hulala usingizi mzito kabla ya nusu ya muda.

Je, inatibu kweli?

Hapa tunasema wazi, kwa sababu bei ya mambo haya mara nyingi huandikwa kwa dola na pesa ya harusi haiokotwi njiani.

Mifupa ya fuvu la mtu mzima imeshikana kwa mishono imara, na mkono wa gramu 5 hauisogezi. Maji ya ubongo kweli hucheza, lakini huenda na mapigo ya moyo na pumzi. Wataalamu wa tiba hii walipopimwa kwa kumshika mtu mmoja, kila mmoja akataja mwendo wake, hawakukubaliana. Majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa ni machache na mengi ni madogo. Wapo waliosema shingo au kichwa kimepungua kuuma, lakini ni vigumu kujua kama ni tiba yenyewe au ni ile saa nzima ya kulala kimya.

Basi sisi tunaiita mapumziko. Na mapumziko si kitu kidogo, dada. Biharusi ambaye kwa wiki nzima amevutwa huku na huku, mshoni anamwita, mpishi anamwita, mashangazi wanagombania rangi ya sare, huyo akipata saa moja chumba kimya, simu imezimwa, mkono wa huruma chini ya kisogo chake, atainuka amechangamka. Hilo ni kweli na ni zuri. Ubaya unaanza pale mapumziko yanapouzwa kwa jina la dawa.

Dini inasemaje?

Kujitibu tumehimizwa, na kustarehesha mwili kwa halali hakuna ubaya. Yako mambo manne ya kuangalia.

La kwanza ni nani anayekushika. Awe mwanamke. Tunajua kwamba pakikosekana daktari wa kike, mgonjwa huruhusiwa kutibiwa na mwanamme kwa sababu ya dharura na kwa mipaka yake. Kupumzika kabla ya harusi si dharura. Kukaa chumba kimoja na mwanamme ajnabi, mlango umefungwa, eti kwa ajili ya kichwa cha harusi, hapana.

La pili ni sitara. Uzuri wa tiba hii ni kwamba huvui nguo. Ukiwa na mwanamke Muislamu mwenzako, kufungua mtandio hakuna shida. Kama si Muislamu, wanazuoni wametofautiana kiasi gani uonyeshe, basi muulize ustadhati wako. Kama una shaka, bakia na kitambaa chepesi kichwani. Mkono wenyewe ni wa kushika tu, kitambaa hakizuii kitu.

La tatu ni ibada. Kuguswa na mwanamke mwenzako hakutengui udhu, lakini kulala usingizi umelala chali kunatengua. Wengi hulala pale, kwa hiyo tawadha upya kabla ya kusali. Na aliyefunga, saumu yake haiharibiki kwa kushikwa kichwa.

La nne ndilo zito. Shifaa iko kwa Allah, na mkono wa mtu ni sababu tu. Wako wanaoichanganya kazi hii na maneno ya nguvu maalumu mikononi mwao, au wanaodai kwamba kwa kukushika utosi wanaona yaliyokupata utotoni au yatakayokupata kwenye ndoa. Ukisikia hivyo, simama, vaa viatu, nenda zako. Huo ni mlango mwingine.

Inamfaa nani?

Inamfaa mwanamke mzima mwenye afya ambaye amechoka. Mwenye mabega yaliyokaza kwa mawazo, anayesaga meno usiku, anayekosa usingizi kwa sababu ya pirika. Inamfaa pia yule asiyependa mkono mzito, maana wapo ambao mkando wa kwetu huwaacha na maumivu siku mbili. Na inamfaa aliye na nafasi ya fedha. Ikiwa itabidi ukope au upunguze kwenye mahari yako, mwambie somo akupashie mafuta ya nazi, ufunge mlango na ulale mapema. Utapata sehemu kubwa ya kheri ileile.

Na nani asiifanye?

Usiifanye ikiwa umeanguka au kugongwa kichwa hivi karibuni, ikiwa umewahi kuvuja damu kwenye ubongo, umeambiwa una mshipa uliovimba kichwani, au umefanyiwa upasuaji wa kichwa au mgongo na daktari hajakuruhusu.

Mjamzito azungumze kwanza na mkunga wake. Miezi ya mwisho asilazwe chali kwa saa nzima, alale kwa ubavu.

Sasa tusikilizeni vizuri, hasa mlioolewa karibuni na mnatarajia. Kichwa cha mjamzito aliyepita wiki 20, na kichwa cha mzazi, si kichwa cha kupelekea mkono mwepesi wala mkono mzito. Kichwa kikali kisichotulia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, hizo ni dalili za presha ya mimba, ambayo inaweza kuishia kwenye kifafa cha mimba. Kinaua mama na kinaua mtoto. Na wengi hawajui kwamba kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, mpaka kiasi cha wiki 6, yaani arobaini yote ile ambayo mzazi yuko ndani anakandwa kwa maji ya moto na kila mtu anasema ni uchovu tu. Kipimo cha presha huchukua dakika chache. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi, ni hospitali, iwe Mnazi Mmoja, Chake Chake au kituo kilicho karibu nawe, hata kama ni usiku, hata kama wageni wako mlangoni.

Na aliyejifungua kwa upasuaji akachomwa sindano ya mgongo, akiona kichwa kinamuuma vibaya akikaa na kinatulia akilala, naye arudi hospitali. Hiyo inaweza kuwa ni yale maji ya uti wa mgongo yanavuja pale ilipopita sindano, na inatibika. Homa pamoja na shingo ngumu, kadhalika, usingoje asubuhi.

Mtoto mchanga je?

Wanaouza tiba hii husema inasaidia watoto wanaolia sana kwa msokoto wa tumbo. Lakini kilio cha namna hiyo kwa kawaida hutulia chenyewe mtoto afikapo miezi 3 au 4, kwa hiyo lolote mama alilofanya karibu na wakati huo ndilo hupewa sifa.

Kichwa cha mtoto si kama chetu. Mifupa yake bado haijaungana, na utosi wa mbele mara nyingi hufunga kati ya mwaka mmoja na mwaka mmoja na nusu. Hata sisi wenyewe tunao wazee wanaopenda kukifinyanga kichwa cha mtoto kiwe duara. Kwa adabu zote kwa bibi zetu, tunasema hapana. Mpake mafuta mwilini taratibu, mwimbie, lakini kichwa usikibonyeze na usimpe mtu akibonyeze. Utosi uangalie tu. Ukididimia, pengine mtoto amepungukiwa na maji. Ukivimba hali ametulia, na ana homa, mkimbize hospitali.

Nikilia kitandani, ni kawaida?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini. Ndiyo, wapo wanaotokwa na machozi, na wenye tiba husema ni huzuni iliyohifadhiwa mwilini inatoka. Sisi tunaosinga tunayajua machozi hayo bila ya jina lolote la kigeni. Mwali huyazuia mbele ya mama, mbele ya shangazi, mbele ya wifi, halafu anapoguswa kwa upole yanamwagika.

Mara nyingi ni kuondoka nyumbani tu. Lakini si kila mara. Tumeshika vichwa vya mabiharusi vilivyouma kwa sababu mwenye kichwa hakuitaka ile ndoa, na hakuna aliyemuuliza akangoja jawabu. Dini yetu imempa mwanamke haki ya kuulizwa na kuridhia. Hakuna mkono, wa gramu 5 wala wa kilo 5, utakaoondoa maumivu ya neno lililomezwa. Kwa hiyo tukiona machozi hayakauki, tunaacha kusinga, tunafunga mlango, tunamuuliza mwali: unataka? Akisema hataki, au akishindwa kusema, tunamwita mtu mzima mwenye busara katika ukoo wake, au kadhi, kabla ya akdi. Kuchelewesha harusi ni aibu ya siku chache.

Nikiamua kwenda, niulize nini?

Muulize amesomea wapi na kwa muda gani. Uliza kama amesajiliwa, maana Zanzibar tunalo Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mwambie maradhi yako yote na dawa unazokunywa, na uone kama anasikiliza. Mtaalamu mwema atakuuliza kuhusu presha, mimba na ajali kabla hajakugusa, na atakwambia mwenyewe uende hospitali pale panapostahili. Anayekwambia uache dawa za presha, za kisukari au za kifafa, huyo usirudi kwake. Anayekwambia lazima ulipie vikao kumi kabla hujajaribu kimoja, naye muage vizuri.

Nenda siku tatu au nne kabla ya akdi, si asubuhi ya harusi. Mchukue dada au rafiki akae ndani ya chumba. Ukihisi jambo lolote halikupendezi, sema basi. Mwili wako ni amana, na kabla ya kuwa wa biharusi ni wako wewe.

Allah awajaalie mabiharusi wetu ndoa zenye utulivu na rehema, awape wazazi wetu afya ndani ya arobaini zao, na atupe sisi sote mikono ya upole na macho ya kuona hatari mapema. Amin.