Mita 9

Mwulize mtu yeyote mtaani kwetu kazi ya mwakilishi wadi ni nini, atakujibu bila kupepesa macho: kuleta greda. Mengine ni ziada tu. Michango ya matanga, karo za watoto wa watu, jezi za timu, na kufika harusini akiwa amechelewa ili aonekane ana shughuli nyingi. Lakini greda ndiyo kura. Uchaguzi ukikaribia utalisikia likija kwa mngurumo, watoto nyuma yake, likwangue matope ya mwaka jana na kuyasukuma milangoni mwa watu. Siku mbili, limekwenda zake. Mvua ikinyesha mara moja tu, mashimo yale yale yanarudi na kukaa mahali pao kama wapangaji waliolipa kodi.

Sasa ndugu msomaji, hebu tuitazame sheria, maana sisi vijana tunaojiita waandishi tuna ugonjwa wa kuiandika serikali bila kuisoma. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, kifungu cha 9, inamtaka mwakilishi awe karibu na wapigakura wake, awasikilize, ayafikishe maoni yao katika bunge la kaunti. Halafu inamkataza waziwazi kujiingiza katika kazi za utendaji, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Kwa hivyo mheshimiwa anayepanda juu ya greda na kupunga mkono akipigwa picha, anashangiliwa kwa jambo ambalo si kazi yake. Kazi yake hasa ni kukaa kitini, kusoma makaratasi na kuinua mkono. Nani atampa kura kwa hilo?

Na makaratasi yenyewe yana tarehe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha, 28 Februari. Makadirio ya bajeti, 30 Aprili. Mwaka wa serikali unafungwa 30 Juni. Barabara isiyoandikwa Septemba, kuitafuta kwenye bajeti ya Juni ni kubahatisha. Sisi nasi huanza kupiga kelele masika yakishatuingia vyumbani, wakati hesabu karibu zimekwisha.

Ndiyo maana Agosti 2024 nilikwenda kwenye mkutano wa kutoa maoni ya wadi. Tulikuwa watu kama 30 hivi, na nusu yao walikuja kwa sababu ya soda. Mheshimiwa akatutajia vipaumbele vyake: barabara, mitaro, na taa zile kubwa za mulika mwizi. Mipango ya ardhi hakuigusa. Kijana mmoja wa bodaboda akasimama.

"Mheshimiwa, ile ya kwenda stendi ni lini?"

"Ile si yetu," akajibiwa.

Watu wakaguna. Lakini jamaa hakuwa anadanganya. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho ya magari na mipango ya maendeleo. Barabara kuu zimebaki kwa serikali ya taifa. Juu ya hapo kuna mashirika matatu yaliyoundwa na Sheria ya Barabara ya 2007: KeNHA, KURA na KeRRA. Sasa wewe ukianguka na pikipiki usiku, utaliuliza shimo ni la nani? Yule kijana alilipia barabara hata kabla hajafika mkutanoni. Mwaka 2024 ushuru wa matengenezo ya barabara ulipandishwa kutoka shilingi 18 hadi 25 kwa kila lita ya mafuta, na wabunge na magavana wakafikishana mahakamani kuhusu nani azishike hizo pesa. Yeye kazi yake ni kujaza tangi.

Mkutano ulipokaribia kwisha, mzee mmoja akauliza juu ya kichochoro chetu. Hapo ndipo afisa wa mipango, bwana mpole aliyekuwa kimya muda wote, alipokunjua ramani juu ya meza. Nikasogea. Kichochoro chetu kwenye ramani si kichochoro hata kidogo. Ni barabara ya mita 9.

Jioni nikaipima kwa hatua. Pale palipo papana, mita 4. Hizo 5 nyingine zimekaliwa na baraza za maduka, ngazi ya jengo la ghorofa, choo cha mtu, na kibanda cha mama yangu anachouzia mahamri na mbaazi.

Afisa alikuwa ametueleza vizuri. Adui wa lami ni maji. Maji yasipopata pa kupita hukaa juu ya barabara, yanapenya chini, udongo unalainika, gari zito linapita, basi, kazi imekwisha. Kwa hivyo mtaro kwanza, lami baadaye, na mtaro unataka nafasi. Bila zile mita 5 mtaro haupiti, na bila mtaro lami ni pesa za kutupa baharini.

Naijua hasara ya kichochoro. Jirani yetu alishikwa na uchungu usiku, akasukumwa kwa mkokoteni hadi barabarani kwa sababu gari halingeweza kuingia. Moto ukitokea, lori la maji litasimama mbali na kututazama. Na kibanda nakijua pia. Mahamri yale ndiyo yaliyonilipia shule, daftari hadi daftari.

Nilipomweleza mama, hakuacha kukanda unga.

"Mita 9? Na walipokuwa wakija kunitoza ushuru kila asubuhi, hiyo ramani hawakuiona?"

Sikuwa na jibu. Mama huweka risiti zake zote katika kopo la mafuta ya kupikia. Zipo za manispaa, kabla mabaraza ya madiwani hayajavunjwa mwaka 2013, na zipo za kaunti. Ukiniuliza mimi, mpango wa mtaa huo umo ndani ya kopo lile kuliko ulivyo kwenye ramani. Serikali iliyopokea pesa za mtu kwa miaka yote hiyo haiwezi kuamka siku moja ikasema haimjui.

Wiki chache baadaye tuliamka tukakuta alama za X nyekundu ukutani, kwenye ngazi, kwenye kibanda. Waliopaka hawakumwambia mtu wametumwa na nani. Cha ajabu, baraza la duka kubwa zaidi halikupakwa kitu.

Nikaandika maoni yangu, kurasa mbili, nikayapeleka ofisi ya wadi na kudai muhuri wa kupokelewa. Niliandika kwamba soko dogo lijengwe kwanza, waliomo katika zile mita 5 wapewe nafasi humo kwa majina, ndipo mtaro uchimbwe, ndipo lami. Na kwamba X ikipakwa, ipakwe kote. Marafiki zangu walinicheka, eti nimeacha hadithi fupi nikaanza kuandikia serikali. Labda. Lakini sijawahi kupima maneno kwa uangalifu kama nilivyoyapima siku ile.

Agosti 2025 mama alikwenda mkutanoni mwenyewe, kopo mkononi. Ramani ilipokunjuliwa, akazimwaga risiti juu yake, pale pale palipo kibanda, mpaka kichochoro chote kikafunikwa. Afisa wa mipango akazipanga moja moja kwa miaka. Mheshimiwa akamsifu mama kwa ujasiri, akatoa simu, akaomba wapigwe picha pamoja.

"Piga risiti, mwanangu," mama akamwambia. "Mimi niache."