Thamani ya Chungu

Wakati wa likizo tuliondoka kwetu Misunkumilo, sisi walimu wawili, tukapita Sumbawanga, Mbeya na Kyela, hata tukafika Matema, upande wa kaskazini wa Ziwa Nyasa. Haja yetu ilikuwa kuviona vyungu vya Wakisi, maana vyasifiwa hata nchi za mbali. Ufinyanzi kwao ni kazi ya wanawake.

Jumamosi tulikwenda soko la Lyulilo. Mitumbwi ilikuwa imeleta vyungu kutoka Ikombe, vikapangwa mchangani, vikubwa kwa vidogo. Tukamwamkia mama mmoja mtu mzima, tukashika chungu cha kupikia. Akasema, "Shilingi elfu nane, wanangu." Tukabishana naye kitambo, tukamshusha hata elfu tano, tukaondoka tukijiona werevu.

Jumatatu tukapanda mtumbwi kwenda Ikombe kwenyewe, tukamkuta mama yule yule kazini. Tuliona udongo ukipondwa, vijiwe vikitolewa kimoja kimoja, kisha ukakandwa kama unga wa mkate; mikono yake ikauinua polepole mpaka ukawa chungu. Chungu hukaushwa kwanza, ndipo kinapochomwa kwa kuni na nyasi. Tukamwuliza, "Mama, vyote hutoka salama?"

Akajibu, "La, wanangu. Vingine hupasuka motoni, na vingine huvunjika njiani. Vile vinavyofika sokoni ndivyo vinavyolipia vilivyovunjika."

Tukanyamaza. Tulikumbuka ndoo ya plastiki tuliyoinunua dukani Mpanda kabla ya safari. Mwenye duka alitaja bei, nasi tukatoa fedha bila neno, ingawa ndoo ile hakuifanya kwa mikono yake. Bali mama huyu, ambaye udongo wa kazi yake ulikuwa bado vidoleni mwake, ndiye tuliyembana.

Tukataka kumwongezea elfu tatu. Akakataa, akisema mapatano ni mapatano. Basi tukanunua chungu cha pili, kwa bei aliyoitaja mwenyewe.

Sasa vyungu vyote viwili vimo jikoni Misunkumilo, na maharagwe huiva vema humo. Lakini kila tukikitazama kile cha kwanza twaona haya kidogo. Nanyi, ndugu, mkimkuta mfinyanzi guliōni, ulizeni kwanza habari za kazi yake, ndipo mzungumze bei.