Chombo Kinaharibika Wakati Kinapumzika

Mara hii ninataka kuungama jambo moja mbele yenu. Bamama wa kanisa letu wanalijua tayari, na kama sisemi mimi, watasema wao.

Bamama hao walikusanya feza miaka miwili, wakanunua mashini ya kusaga mahindi, yenye moteri ya mazutu. Ufunguo wakaniachia mimi pasta. Mwezi wa kumi na mbili 2012 mahindi yakaisha mu magunia, mashini ikasimama. Nikafunga mulango, nikasema: "Nayo ipumzike." Mvua ikanyesha mpaka mwezi wa nne. Mavuno yalipofika, tulizungusha manivele mpaka mikono ikatoka malengelenge. Kimya. Fundi akafungua: kutu kila pahali, na mu tanki maji yamekaa chini ya mazutu. Matengenezo yakakula akiba yote ya bamama. Mumoja wao, mujane, aliniuliza tu: "Pasta, hiyo miezi yote ulikuwa unaiangalia?" Sikuwa na jibu.

Mwaka 2014, mwezi wa tisa, kanisa moja la Uswidi lilitualika watumishi wawili. Tulifikia Luleå, muji wa kaskazini, pembeni ya bahari. Ninyi watu wa migodi mungejisikia nyumbani: chuma kinachochimbwa Malmberget kinashuka kwa treni mpaka kule.

Mwenyeji wetu, muzee mumoja wa kanisa, alikuwa na mashua ndogo ya matanga. Jumamosi akaniambia: "Pasta, leo utanisaidia kulaza mashua." Nilishangaa. Mashua inalala namna gani? Akanieleza kwamba kule bahari inaganda kila mwaka. Barafu inakuwa nene hata magari yanapita juu yake kwenda visiwani. Mashua ikibaki majini, barafu inaweza kuibana na kuivunja. Kwa hiyo wanaitoa mbele ya baridi, inakaa juu ya nchi kavu mpaka mwezi wa tano.

Tukaanza. Matanga tuliyaosha kwa maji safi, tukayaanika mpaka yakakauka kabisa, ndipo tukayakunja, maana tanga likikunjwa na unyevu linaota ukungu. Tukalaza mulingoti. Gru, kama zile za mugodini, ikainua mashua na kuiweka juu ya miguu ya chuma. Uzito wote ukakaa juu ya mukuku, ile sehemu nzito ya chini. Miguu ya pembeni ilikuwa ya kuizuia tu isianguke. Tukasugua majani ya maji na uchafu ulioshika chini, mbele haujakauka.

Mimi nikafikiri tumemaliza. Kumbe hapo ndipo kazi ilianza! Muzee akabadilisha mafuta ya moteri. Akasema mafuta ya zamani yana asidi, hayafai kulala na chuma miezi saba. Akatoa maji yote, akapitisha mu moteri dawa ya kuzuia kuganda. Akafungua valvu zote za chini. Akapeleka batri nyumbani kuijaza moto, maana batri tupu inaganda upesi kuliko iliyojaa. Nikamuuliza sababu ya taabu yote hii kwa kitu ambacho hakitatumika. Akanijibu: "Maji yakiganda yanavimba. Lita 100 zinadai nafasi ya lita 109 hivi. Chuma hakikubali, kinapasuka. Na wewe hauoni kitu, mpaka siku unataka kusafiri."

Kisha akajaza tanki ya mazutu mpaka juu. Nikacheka: "Muzee, safari ni mwaka ujao!" Akasema: "Tanki yenye nafasi inashika hewa. Hewa yenye unyevu ikipoa, inaacha maji ku ukuta wa tanki, yanashuka chini ya mazutu."

Ndugu zangu, nilinyamaza. Niliona ile tanki yetu, nilivyoiacha nusu mwanzo wa mvua. Nikamuhadizia yote, hata swali la mama mujane. Hakunicheka. Akasema: "Mimi mwaka wangu wa kwanza nilisahau maji kidogo mu pompe. Ilipasuka. Tangu hapo ninaandika mu kaye."

Niliporudi, nilikusanya bamama, nikaomba musamaha. Tukanunua kaye, tukaitundika nyuma ya mulango wa mashini. Kila mara mashini inaposimama tunajaza tanki, tunatoa maji ya kupozea, tunabadilisha mafuta, tunalegeza mukanda. Mara moja kwa juma mutu anazungusha manivele kwa mukono na kutia alama. Ufunguo anao mama mujane.

Wewe kijana mwenye pikipiki, wewe mama mwenye cherehani, wewe baba mwenye pompe ya maji: angalia chombo chako siku kimesimama, hata kama hakikuletei hata franka moja siku ile. Kazi ikirudi, hakuna nafasi ya kuanza kutafuta fundi.

Mwezi wa nne 2015 moteri iliitika mara ya pili tu ya kuzungusha. Mama mujane hakunisifu. Alipima unga kilo mbili, akanipa, akasema: "Peleka nyumbani, Pasta. Na kesho ni zamu yako ya kusafisha."