Homa Ng'ambo ya Ruvuma

Ndugu mtahiniwa, baada ya mtihani wa kidato cha nne wengi wenu mtafunga mabegi. Mmoja atakwenda Msumbiji kuuza bidhaa, mwingine Omani kutafuta kazi, mwingine India kusoma. Kila msafiri hujiuliza atalala wapi na atakula nini. Wachache hujiuliza: nikiugua, nitatibiwa wapi, na nani atalipa? Mimi sikujiuliza.

Mwanzoni mwa mwaka 2006, nikisubiri matokeo, nilifuatana na mjomba kupeleka sabuni na vitenge Palma. Tulivuka mto Ruvuma kwa mtumbwi kutoka Kilambo. Siku ya nne nikashikwa na homa. Nilijua kuwa mtaji wote wa mjomba ni shilingi 80,000, nikaona haya kuwa mzigo. Nikasema ni uchovu wa jua tu. Siku mbili nzima niliificha ile homa; siku ya tatu sikuweza kusimama.

Mjomba alikodi gari, akanifikisha kituo cha afya. Muuguzi alijua Kireno peke yake. Tangu utotoni, dawa zenye salfa hunitoa malengelenge mwili mzima, lakini sikuwa na karatasi iliyosema hivyo. Aliyeniokoa ni mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni. Alinisikiliza kwa Kimakonde, akamweleza muuguzi kwa Kireno. Dawa iliyokuwa tayari mkononi ilirudishwa kabatini, nikatundikiwa dripu ya kwinini.

Kumwona mganga kuligharimu kidogo. Kilichotumaliza ni gari, chakula, malazi ya mjomba, kubadili shilingi kuwa metikali kwa hasara, na siku tano bila kuuza kitu. Tulirudi nyumbani na shilingi 23,000. Mjomba hakunilaumu kwa kuugua. Alisema tu, "Mpwa wangu, ungesema siku ya kwanza, tungenunua vidonge."

Basi jifunze kwangu. Kwanza, fahamu mipaka ya bima yako. Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa uliweka mchango wa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu hadi sita. Ulikuwa msaada mkubwa ndani ya Tanzania, lakini ukivuka mpaka kadi hiyo haikukulipia. Nchi za Ulaya zilizo katika mkataba wa Schengen humtaka anayeomba viza ya muda mfupi aonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Linganisha shilingi na euro hizo, utaona gharama ya kuugua ugenini.

Pili, ukienda kazini, soma mkataba: je, unasema nani analipia matibabu? Ahadi ya mdomo haitoshi. Ukienda chuoni, uliza kama ada ina bima ndani yake, na bima hiyo inaanza siku gani.

Tatu, beba cheti cha chanjo na karatasi ya daktari yenye majina ya dawa unazotumia na zinazokudhuru. Nne, tenga fedha za matibabu mbali na mtaji na nauli, ziwe katika fedha ya nchi unayokwenda. Tano, jifunze maneno machache ya wenyeji. Kwa Kireno homa ni "febre", na maumivu ni "dor". Maneno hayo mawili tu yangenifaa sana siku ile.

La mwisho, usifiche ugonjwa kwa kuogopa gharama. Mficha maradhi kilio humuumbua. Mimi niliponea kwa mama nisiyemjua hata jina. Wewe usisafiri ukitegemea kumkuta kwenye foleni.