Seva inayomkubali kila mgeni

Mwenzenu nipo Mbamba Bay kwenye mafunzo ya ualimu kwa vitendo. Mtandao unakuja na kuondoka na upepo wa ziwa, ndo maana kimya. Dagaa nitawaletea, msiulize tena.

Leo naongelea kompyuta, na nyie wa Kiswahili na Historia msikimbie, linawahusu. Mwenzangu tunayefundisha naye kaitengenezea shule mfumo wa alama: majina ya wanafunzi, alama, namba za simu za wazazi. Kazi safi kabisa. Ila kuna mstari kauokota mtandaoni "ili ikubali".

Iko hivi. Tangu enzi za Netscape 2, brauza zina sheria: ukurasa wa tovuti moja hausomi majibu ya tovuti nyingine. Ndo maana unafungua akaunti ya chuo na ukurasa wa udaku kwa pamoja, na wa udaku hauoni matokeo yako. Ila kuna tovuti zinazohitaji kusomana, ikaja CORS, ikapitishwa rasmi na W3C Januari 2014: seva inataja tovuti inayoruhusiwa kusoma.

Wengi wanaogopa nyota (*), yaani "yeyote aje". Kumbe nyota ina nafuu! Brauza haikubali nyota iende pamoja na kuki za mtu aliyeshaingia. Sasa fundi akikwama hapo anafanya ujanja: seva inasoma jina la tovuti inayoomba, inalirudisha lilelile kama ruhusa, na kuki juu. Fikiria boti imetoka Nkhata Bay, afisa bandarini anamuuliza msafiri jina, analiandika kwenye orodha ya walioruhusiwa, halafu ndo anaangalia kama lipo kwenye orodha. Jamani!

Mfumo wetu ukurasa upo anwani moja, seva nyingine, kwa hiyo kuki zimeachiwa zisafiri. Mwalimu akiwa ameingia, akabofya kiungo cha uongo WhatsApp, ukurasa ule unaiomba seva kupitia brauza yake na kuondoka na namba za wazazi wote. Neno la siri halijaguswa. Halafu mama mmoja huko Lituhi anapokea meseji "mwanao amelazwa, tuma hela haraka", yenye jina kamili la mtoto. Atatuma, mnajua atatuma. Na si hadithi za vijijini tu: 2016 mtafiti James Kettle alionyesha kosa hilihili kwenye soko la bitcoin.

Mwenzangu alinuna kidogo, kisha tukaandika orodha ya anwani kamili. Siyo kukagua mwisho wa jina, maana ukiruhusu kila linaloishia na shuleyetu.com, mjanja anasajili sishuleyetu.com. Na "null" msiiruhusu kabisa.

Kupima ni rahisi. Tuma ombi kwenye mfumo wenu wenyewe (wa watu msiuguse, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ipo) mkijitambulisha kwa jina la tovuti la kubuni. Likirudi kwenye mstari wa ruhusa, msiingize hata alama moja mpaka aliyeandika akae nanyi.