Mdoli unaoimba na betri iliyopotea

Jumamosi moja nilisimama mbele ya meza ya midoli Kariakoo, Mtaa wa Kongo, nikiwa na Sh18,000 mkononi na haraka ya kuwahi daladala. Muuzaji alikuwa amewasha midoli yote kwa pamoja. Kasuku anaimba, gari la zimamoto linalia, kompyuta ndogo ya plastiki inataja herufi za Kiingereza huku taa nyekundu na kijani zikipokezana.

“Dada, chukua hii kompyuta,” aliniambia. “Wiki mbili tu, mwanao anaongea kama redio.”

Hakuhitaji kunibembeleza zaidi. Binti yangu alikuwa na miezi 18 na maneno yake yalikuwa mawili: “mama” na “maji”. Siku chache kabla, nesi wa kliniki aliniuliza mtoto anasema maneno mangapi. Nikajibu, “Mengi tu.” Nilidanganya, mimi ambaye kazi yangu ni kuandika habari za afya na kila mara nawashauri wazazi wasiwafiche wataalamu kitu.

Kuna jambo jingine sikulisema. Natoka nyumbani saa 12 asubuhi na kurudi saa 2 usiku. Mchana kutwa mtoto yuko na dada wa kazi. Mdoli ule niliununua ili uongee naye kwa niaba yangu.

Mwanzoni nilijipongeza. Nikirudi napokewa na taa na nyimbo. Dada naye alifurahi. “Mama, siku hizi halii kabisa,” aliniambia. “Akishika kompyuta yake, napika mpaka namaliza.” Mtoto anabonyeza, mdoli unaimba, anabonyeza tena kabla wimbo haujaisha. Sisi wakubwa tukawa tunanyamaza. Nyumba ilijaa kelele, lakini hakuna aliyekuwa akizungumza na mwenzake.

Jumatano ya wiki ya pili nilipigiwa simu nikiwa chumba cha habari. “Mama, kale kamfuniko ka nyuma kametoka. Betri naziona mbili.”

Zilikuwa tatu.

Zilikuwa zile betri ndogo bapa zinazong’aa kama kifungo cha shati, mfano wa zile za saa. Nilishawahi kusoma habari zake. Ikimezwa na kukwama kwenye njia ya chakula, mate na unyevu wa pale huruhusu umeme upite, na hapo hutengenezwa kemikali kali ya jamii ya kostiki inayotumiwa na watengeneza sabuni. Ndani ya saa mbili inaweza kuwa imeunguza vibaya. Hata betri iliyokwisha, ambayo haiwashi tena mdoli, inaweza kuunguza. Na mtoto anaweza asilie. Pengine atatoa udende, atakataa kula au atakohoa, nawe utadhani ni mafua.

Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria maalumu kuhusu bidhaa zenye betri hizi, baada ya kifo cha mtoto wa miezi 18 aliyemeza betri ya rimoti. Miezi 18. Hesabu hiyo nilikuwa naijua, na ndiyo iliyokuwa ikinizunguka kichwani wakati nashuka ngazi za ofisi.

Nilimwambia dada asimtapishe mtoto, asimpe chakula, apande bajaji aende moja kwa moja hospitali na abebe mdoli pamoja na betri mbili zilizobaki, ili daktari aone ukubwa wake. Nilimsisitiza neno la kusema mapokezi: “Huenda amemeza betri.” Asiseme tu kwamba mtoto amemeza kitu, maana kwa betri kila dakika ina thamani.

Picha ya eksirei haikuonyesha chochote. Kifua safi, tumbo safi. Nilikaa chini palepale kwenye korido. Dada alikuwa akilia kuliko mimi, ananiomba radhi. Nikamwambia kosa ni langu. Mimi ndiye niliyenunua mdoli ambao mfuniko wa betri unafunguka kwa ukucha.

Kabla hatujaondoka, daktari aliniuliza, “Na anaongea?” Safari hii nilisema ukweli. Akasimama nyuma ya mtoto na kumwita kwa sauti ya chini. Akageuka. Akamwambia, “Mpe mama kiatu.” Akanipa.

“Anasikia na anaelewa unalomwambia,” alisema. “Hata hivyo nakuandikia kipimo cha masikio, maana mtoto anayechelewa kusema lazima masikio yapimwe, hatukisii. Umrudishe baada ya miezi miwili. Sasa niambie, nyumbani nani anaongea naye?”

Sikuwa na jibu.

Usiku ule sikulala mapema. Nilisoma utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la JAMA Pediatrics. Mtafiti alirekodi jozi 26 za wazazi na watoto wa miezi 10 hadi 16 wakicheza nyumbani kwao. Mzazi na mtoto wakiwa na midoli ya taa na sauti, mzazi alisema wastani wa maneno 40 kwa dakika. Wakiwa na midoli ya kawaida, kama vipande vya kupanga, maneno 56. Wakiwa na kitabu, 67. Jozi 26 ni chache, na wale hawakuwa Watanzania. Lakini nilijiona mle ndani. Mdoli ukianza kuimba, mimi mwenyewe nanyamaza kuupisha.

Nilimpigia mama yangu. Akacheka. “Wewe ulichezea kopo la maziwa lenye punje za mahindi,” alisema. “Tena lilikuwa na kelele kuliko hiyo kompyuta yako. Ila nilikuwepo nakuuliza, nani huyo anapiga ngoma?”

Ninachoangalia sasa

Kompyuta niliitupa. Zile betri mbili nilizizungushia selotepu kabla ya kuzitupa, mtoto mwingine asizikute zikiwa wazi. Lakini sitamdanganya mzazi yeyote kwamba midoli ya taa na sauti haifai kabisa. Dada lazima apike, na mtoto anafurahia taa. Mwezi uliofuata nilirudi Mtaa wa Kongo, na haya ndiyo niliyoyafanya.

Kwanza niligeuza kila mdoli nyuma. Mfuniko wa betri uwe na skrubu inayohitaji bisibisi. Ukifunguka kwa kidole, naurudisha mezani hata kama ni wa bei rahisi. Unaotumia betri za kawaida za tochi naupendelea kuliko wenye zile bapa. Nyumbani nako, kila tukibadilisha betri, naikaza skrubu mwenyewe.

Pili, niliuweka sikioni kwangu. Mikono ya mtoto ni mifupi, hivyo sauti inamfikia karibu kuliko inavyonifikia mimi niliyesimama. Ukiniumiza sikio, unamuumiza na yeye. Uwe na swichi ya kupunguza sauti na ya kuzima. Kama sauti imezidi kidogo tu, kipande cha selotepu juu ya vitundu vya spika huipunguza.

Tatu, niliangalia vipande. Chochote kinachopita ndani ya lile boksi la katikati ya karatasi ya chooni ni kidogo mno kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, kinaweza kumkaba.

Nne, na hili muuzaji alinishangaa, nilisubiri nione mdoli unanyamaza lini. Unaoimba mfululizo haumwachii mtoto nafasi, wala mimi. Nilichagua ngoma ndogo ya Sh12,000. Ukiigonga inawaka na kulia mara moja, kisha kimya.

Hicho kimya ndicho ninachokitumia. Nikirudi, simu inakwenda kabatini kwa nusu saa. Anagonga, nauliza, “Nani anapiga ngoma?” Nasubiri. Mwanzoni kusubiri kulinishinda, nilikuwa najijibu mwenyewe. Dada naye nimemwomba azungumze naye akiwa anapika: hiki kitunguu, hiki kijiko, sufuria ya moto hiyo. Anasema alikuwa anaona aibu kuongea peke yake.

Kipimo cha masikio kilitoka vizuri. Tuliporudi kwa daktari alikuwa na maneno tisa, na “ngoma” ni mojawapo. Bado yuko nyuma ya mtoto wa jirani, na daktari bado anamfuatilia.

Betri niliipata wiki tatu baada ya siku ile. Ilikuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wangu wa kazini, pamoja na kijiko cha chai na kizibo cha soda. Nilikuwa naenda nayo ofisini kila siku. Binti yangu ana tabia ya kuniwekea vitu mle asubuhi ninapovaa viatu.

Mzazi mwenzangu, leo jioni geuza kila mdoli uliopo nyumbani uangalie mgongoni. Ukimaliza midoli, angalia na rimoti.