Daltoni 30

Gunia la pamba na mfuko wa saruji vinaweza kuwa na uzito sawa. Lakini ukivipitisha katikati ya watu siku ya soko, gunia ndilo litakalokuchelewesha, kwa sababu ni kubwa na linamgonga kila mtu. Sisi wa Mulanda, wilayani Tororo, tunavijua vyote viwili.

Protini nazo hupimwa hivyo. Spektrometa ya tungamo hupima uzito wa molekuli zilizotiwa chaji ya umeme, yaani ayoni. John Fenn alishiriki Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2002 kwa kuonyesha kwamba hata protini kubwa zinaweza kunyunyizwa zikawa ayoni bila kuvunjika. Hata hivyo, uzito hausemi umbo. Ndiyo maana ayoni husukumwa kwa umeme ndani ya bomba lenye gesi. Kati ya zile zenye uzito na chaji sawa, zilizojikunja hupita upesi. Zilizokunjuka hugongana zaidi na gesi, zikachelewa. Kutokana na muda huo wa milisekunde chache, ukubwa wake hukokotolewa.

Somo hili linanigusa kwa sababu mdogo wangu ana selimundu. Mnyororo wa beta wa hemoglobini ya kawaida una daltoni 15,867 hivi. Wake una 15,837. Tofauti ni 30 tu: asidi amino ya sita, glutamiki, imekuwa valini. Umbo la molekuli moja moja halibadiliki sana. Shida huja oksijeni inapopungua: molekuli hushikana zikawa nyuzi ndefu, na seli ikapinda kama mundu. Hapo ndipo maumivu yanapoanza.

Kwa miaka mingi watu wa ukoo walimlaumu mama, wakisema ameleta damu mbaya. Lakini mtoto hupata ugonjwa huu akirithi jeni kutoka kwa wazazi wote wawili. Damu ya mzazi mwenye jeni moja, mashine ingeonyesha minyororo yote miwili, 15,867 na 15,837. Ya baba sawa na ya mama. Tena jeni hiyo imedumu kwetu kwa sababu anayebeba moja hukingwa na malaria kali, na Tororo inajulikana kwa malaria.

Baba nilimweleza kwa Dhopadhola. Hapa naandika kwa Kiswahili, ili hata jirani wa Busia, upande wowote wa mpaka, aelewe: kabla ya kumlaumu mama, wapimwe wote wawili.